Kuotesha na Kulea Mbuni wa Robusta: Mwongozo kwa Anayeanza

Maswali ni yale yale. "Mbegu zangu nimezifukia mwezi mzima, hakuna kilichoota." "Mche ulikuwa mzuri kitaluni, nimeufikisha shambani majani yamebabuka." "Mbuni umechanua maua meupe pe, lakini matunda siyaoni." Karibu yote chanzo chake ni kimoja: mtu anaulea mbuni, yaani mti wa kahawa, kana kwamba ni zao la shamba la wazi, ilhali huu ni mmea wa msituni.

Robusta, kwa jina la kitaalamu Coffea canephora, asili yake ni misitu ya mvua ya Afrika, kuanzia magharibi, kupitia bonde la Kongo, hadi Uganda, ambako hata leo hujiotea wenyewe ndani ya msitu wa Kibale. Huko huishi chini ya miti mirefu. Mwanga unaoufikia umechujwa, hewa ina unyevu, na ardhi imefunikwa majani yanayooza. Usipokatwa hufika hata mita 10. Kazi yako ni kuurudishia hali hiyo kadiri unavyoweza, huku ukiuzuia usikushinde urefu.

Jambo la pili ulishike kabla ya kupanda chochote: robusta haijichavushi. Chavua ya mmea huohuo, au ya mmea mwingine uliotokana na vikonyo (vipande vya shina vinavyooteshwa) vya mama yuleyule, haifanyi kazi. Arabika, aina nyingine ya kahawa, hujichavusha na mti mmoja waweza kuzaa peke yake, ila robusta inahitaji wenzake wa nasaba tofauti jirani. Ukilipuuza hili utalea mibuni miaka 3 halafu uishie kutazama maua.

Kabla hujaanza

Angalia mahali kwanza. Robusta hupenda joto la nyuzi 22 hadi 28 za Selsiasi. Ikishuka chini ya 10 kwa muda, mmea unadhoofika, na baridi ya kugandisha inauua kabisa. Mvua iwe milimita 1,200 au zaidi kwa mwaka, pamoja na kiangazi kifupi cha miezi 2 au 3. Wengi hushangaa kusikia kwamba mmea wa msitu wa mvua unahitaji kiangazi. Ni hivi: machipukizi ya maua hulala wakati wa ukavu, mvua ikirudi yanaamka kwa pamoja. Mvua isipokatika mwaka mzima, mibuni itachanua kidogokidogo na utavuna kwa kuokoteza.

Udongo uwe na kina cha mita 1 au zaidi, wenye uchachu kiasi, yaani pH kati ya 5 na 6.5, na usiotuamisha maji. Huna kipimo cha kisasa? Chimba shimo la sentimita 60, lijaze maji jioni. Ukiyakuta bado yametuama kesho yake asubuhi, tafuta mahali pengine. Mbuni hauvumilii mizizi yake kuzama majini.

Kusanya hivi mapema:

- mchanga wa mto uliooshwa vizuri, kwa ajili ya tuta la kuoteshea;
- udongo wa juu wa msituni au wa shamba lililopumzika, pamoja na samadi iliyooza kabisa;
- viriba vya nailoni vyenye upana wa sentimita 12 hadi 15 na urefu wa 25, vilivyotobolewa chini;
- nguzo, fito na majani makavu au wavu wa kivuli kwa ajili ya kichanja cha kitalu;
- mkasi wa kupogolea wenye makali, na msumeno mdogo;
- majani makavu mengi kwa matandazo. Mengi kweli, maana hayatoshi kamwe.

Mbegu au vikonyo?

Miche ya mbegu ni rahisi kuipata, na kwa kuwa kila mmoja una nasaba yake, tatizo la uchavushaji hupungua. Ubaya wake ni kwamba hailingani: mmoja utazaa sana, jirani yake atakuwa wa kujaza nafasi tu. Vikonyo hurithi sifa zote za mama, basi ukimchagua mama mzuri unajua unachokipata, ila lazima uchanganye vikonyo vya mama wasiopungua 4. Ushauri wangu kwa anayeanza ni mbegu kwanza. Ukishaiona mibuni yako ikizaa na ukajua ipi ni hodari, hapo ndipo uhamie vikonyo.

Hatua ya 1: Chagua mibuni mama na uandae mbegu

Chagua mibuni kadhaa, si mmoja, yenye afya, inayozaa kila mwaka na isiyo na dalili za mnyauko. Chuma matunda mekundu yaliyoiva barabara, yale ya katikati ya tawi. Yaliyookotwa chini usiyatumie.

Yaminye kwa vidole punje zitoke, kisha zitumbukize kwenye ndoo ya maji. Zinazoelea zitupe. Zilizozama zisugue kwa majivu au mchanga hadi ute uishe, zisuuze, halafu zitandaze kivulini kwenye hewa kwa siku chache. Ganda gumu la ndani usilitoe.

*Tahadhari:* usizianike juani, na usizitunze. Hapa ndipo wengi wanapoangukia. Mbegu ya robusta haihimili kukauka sana na hupoteza uhai upesi, miezi 2 au 3 tu na nyingi zimekufa. Ukipewa mbegu za mwaka jana, hata bure, zikatae. Na buni zilizokobolewa kwa ajili ya kukaangwa si mbegu tena, hata zikionekana safi namna gani.

Hatua ya 2: Otesha kwenye tuta la mchanga

Tengeneza tuta lenye kina cha sentimita 15 hadi 20 za mchanga, chini ya kichanja cha kivuli. Panga punje kwa nafasi ya sentimita 2.5, upande bapa ukitazama chini, kisha zifunike kwa mchanga sentimita 1 tu. Zikifukiwa kwa kina zaidi huchelewa na nyingine huoza. Tandaza nyasi kavu juu na umwagilie kwa kopo la matone kila siku, asubuhi. Mchanga uwe na unyevu, usilowe chepechepe.

Kisha subiri. Huota baada ya wiki 4 hadi 8, na penye baridi huchelewa zaidi. Usifukue kuchungulia. Miche ikianza kuchomoza, ondoa nyasi za juu lakini kivuli kibaki.

Hatua ya 3: Hamishia kwenye viriba

Wakati mzuri ni pale mche unapokuwa umesimama wima na punje yake kichwani, hatua wanayoiita kiberiti, au mara tu majani mawili ya kwanza ya duara yanapokunjuka, hatua ya kipepeo. Ukichelewa kupita hapo, mizizi inakuwa mirefu na kukatika.

Changanya udongo wa juu sehemu 3, samadi iliyooza sehemu 1 na mchanga sehemu 1. Jaza viriba, vimwagilie, viache siku kadhaa vitulie. Toboa kwa kijiti shimo lenye kina kirefu kuliko mzizi. Ng'oa mche kwa kuuinua na mchanga wake, ushike kwenye kichwa au majani, usiushike shina. Uteremshe, uvute juu kidogo ili mzizi unyooke, kisha bana udongo taratibu.

*Tahadhari:* mzizi mkuu uliokunjika ni kosa lisilosahihishika. Mche wenye mzizi uliopinda utakua vizuri tu mwaka wa kwanza na wa pili, kisha kiangazi cha kwanza kikali kitauondoa na hutajua sababu. Ukiona mzizi ulioanza kupinda tangu kwenye tuta, tupa mche huo bila huruma. Mzizi ukiwa mrefu kupita kiriba, ukate ncha kwa kucha, hilo haliudhuru.

Kivuli kwa wakati huu kizuie kama nusu ya mwanga. Mche hukaa kitaluni miezi 6 hadi 9, hadi uwe na jozi 6 au zaidi za majani. Miezi 2 ya mwisho punguza kivuli kidogokidogo na maji pia, uzoee jua. Yale majani yanayobabuka shambani ni ya miche iliyotolewa kivulini ghafla.

Ukiamua vikonyo

Kata maotea yanayokwenda juu moja kwa moja kutoka kwenye shina la mama, si matawi ya pembeni. Tawi la pembeni hata likitoa mizizi hubaki linatambaa kando maisha yake yote, haliinuki kuwa mti. Acha ncha laini na sehemu ya chini iliyokwisha kuwa ngumu. Tumia ya katikati, bado ya kijani. Kata vipande vya sentimita 6 hadi 8, kila kimoja kikiwa na kifundo kimoja (mahali majani yanapoota), chini ukate mshazari. Punguza jani libaki theluthi moja.

Visimike kwenye viriba vyenye mchanga na udongo laini, kisha vifunike kwa kibanda kifupi cha nailoni angavu kilicho chini ya kivuli kizito. Ndani pawe na unyevu muda wote, matone yaonekane kwenye nailoni. Mizizi huchukua miezi 2 hadi 3. Fungua kibanda taratibu kwa wiki kadhaa. Ukikifunua siku moja, vyote vitanyauka mbele ya macho yako. Na uweke alama ya kila mama tangu siku ya kwanza, maana vikishaota vyote hufanana.

Hatua ya 4: Andaa kivuli na mashimo mapema

Kivuli kitangulie. Miti ya kudumu kama mikenge na jamii nyingine za Albizia hufaa sana kwa kuwa majani yake madogo huchuja mwanga badala ya kuuziba, na huongeza naitrojeni ardhini. Hiyo huchukua miaka, kwa hiyo panda pia kivuli cha muda: migomba au mbaazi. Mikaratusi iepuke, inashindana vibaya kwa maji.

Kivuli kiasi gani? Simama shambani saa sita mchana utazame chini. Kwa miche midogo, kivuli na mwanga vigawane ardhi nusu kwa nusu. Kwa mibuni inayozaa, theluthi moja ya kivuli inatosha. Kupenda msitu hakumaanishi kupenda giza: kivuli kikizidi, maua hupungua na mdudu wa vitawi hushamiri.

Chimba mashimo ya sentimita 60 kwa 60 na kina 60, kwa nafasi ya mita 3 kila upande. Fanya hivyo miezi 2 kabla ya mvua. Udongo wa juu uweke upande wake, wa chini upande mwingine. Rudisha wa juu ukiwa umechanganywa na debe moja la samadi iliyooza, ufanye kichuguu kidogo juu, maana utashuka.

Hatua ya 5: Panda

Subiri mvua ikolee, si tone la kwanza. Chana kiriba ukiondoe chote. Wako wanaopanda na nailoni yake, na mizizi hubaki gerezani. Mche ukae kwa kina kilekile ulichokuwa nacho kiribani. Shindilia kwa mikono, mwagilia, tandaza majani makavu.

Kama ni vikonyo, changanya nasaba. Usipande mstari mzima wa mama mmoja, bali fuatanisha: wa kwanza, wa pili, wa tatu, wa nne, kisha urudie.

Hatua ya 6: Tandaza, palilia, lisha

Matandazo ndiyo roho ya kazi hii. Mizizi mingi inayolisha mbuni iko kwenye sentimita 30 za juu za udongo, palepale jua linapochoma na jembe linapokata. Weka tabaka la sentimita 10 la majani makavu, majani ya migomba au mabua, ila acha nafasi wazi ya sentimita 20 kuzunguka shina, yasilete mchwa na kuozesha gamba. Magugu yakijitokeza yang'oe kwa mkono au uyafyeke. Jembe la kina liache kabisa karibu na mbuni: linakata mizizi, na kila jeraha ni mlango wa mnyauko.

Samadi au mboji, debe 1 hadi 2 kwa mbuni kila mwaka, itandaze mwanzoni mwa mvua chini ya ncha za matawi, si shinani. Ukitumia mbolea za viwandani weka wakati udongo una unyevu, na kidogo kidogo kwa awamu.

Hatua ya 7: Pindisha na ulee mashina

Robusta huzaa vizuri zaidi ikiwa na mashina 3. Miezi 6 hadi 12 baada ya kupanda, mvua zinapoanza, pinda shina changa taratibu hadi lilale kama nusu ya pembe mraba, ulifunge kwenye kigingi. Maotea yatachomoza upande wa juu. Subiri yafike sentimita 20 hivi, chagua 3 yenye nguvu, yaliyo karibu na ardhi na yaliyoachana. Mengine yote yaondoe, na uendelee kuyaondoa kila yanapojitokeza. Hiyo ni kazi ya kila mwezi. Shina la awali waweza kuliacha lizae mara moja, kisha ulikate.

Sababu ya kupogoa uielewe vizuri, itakusaidia kuamua wapi pa kukata. Kifundo cha tawi la robusta huzaa mara moja tu. Mwaka unaofuata matunda yatakuwa mbele zaidi, kuelekea ncha, na sehemu ya nyuma inabaki tupu. Kwa hiyo tawi lililokwisha kuzaa hadi nchani halina kazi, likate. Na shina likishatimiza miaka 6 au 7, likate kwa msumeno sentimita 30 kutoka ardhini, mkato wa mshazari ili maji yateleze, ulee oteo jipya. Usikate mashina yote kwa pamoja. Acha moja liendelee kulisha mizizi.

Hatua ya 8: Maua na mavuno

Mavuno ya kwanza ya maana huja mwaka wa 3. Maua hufunguka siku 7 hadi 10 baada ya mvua inayovunja kiangazi, hudumu siku 2 au 3, na siku hizo usipulize dawa yoyote. Chavua ya robusta hubebwa zaidi na upepo, na nyuki husaidia.

Matunda huiva baada ya miezi 9 hadi 11. Chuma mekundu tu, rudi tena baada ya wiki 2. Kukamua tawi zima na mabichi yake huharibu ladha na kuumiza vifundo vya mbele. Anika juu ya kichanja, tabaka jembamba, geuza mara nyingi kwa siku, funika usiku na mvua ikija. Zimekauka pale zinapogonga ndani ya ganda ukizitikisa.

Pakiharibika

*Miche kitaluni inalala chini, shina limeoza usawa wa udongo.* Ni kinyausi, na chanzo chake ni maji mengi na miche kubanana. Ng'oa iliyougua, punguza kumwagilia, ruhusu hewa ipite.

*Maua mengi, matunda hakuna.* Kwanza jiulize kama mibuni yote ni ya nasaba moja. Kama ndivyo, panda mingine tofauti katikati yake. Kama sivyo, kumbuka hali ya hewa siku za maua: mvua kubwa huosha chavua, na ukavu ukirudi baada ya maua, vitunda hupukutika.

*Majani machanga yamegeuka manjano, mishipa imebaki kijani.* Mara nyingi ni upungufu wa madini ya chuma kwa sababu udongo hauna uchachu wa kutosha. Acha kuweka majivu na chokaa, ongeza mboji. Yakiwa manjano ni majani ya zamani na manjano yenyewe ni ya jani zima, naitrojeni imepungua.

*Ncha za matawi zinakauka mwaka wenye mazao mengi.* Mbuni umezidiwa na mzigo. Unahitaji kivuli zaidi, chakula zaidi, na mashina machache zaidi.

*Kitawi kimoja kimenyauka, majani yamekuwa meusi, na upande wa chini kuna kitundu kidogo sana.* Ni mdudu wa vitawi. Jike hutoboa, huotesha ukungu ndani, na watoto wake hula huo ukungu, ndiyo maana dawa ya kupuliza haiwafikii. Kata chini ya kitundu hadi ukute mti mzima, uchome moto siku hiyohiyo. Punguza kivuli kilichozidi.

*Matunda yana tundu kwenye kitovu.* Ni ruhuka, mdudu mdogo anayetoboa matunda. Baada ya mavuno usiache tunda hata moja mtini wala chini. Humo ndimo anamosubiri msimu ujao.

*Masizi meusi juu ya majani na sisimizi wakipanda na kushuka.* Tafuta vidugamba au vidung'ata, wadudu wadogo wanaofyonza utomvu, chini ya majani. Sisimizi huwalinda kwa ajili ya utamu wao, basi zuia njia ya sisimizi kwanza: kata matawi yanayogusa ardhi, kisha osha kwa maji ya sabuni.

*Mbuni mzima unanyauka, mara nyingi ukianzia upande mmoja, na ukibandua gamba chini unakuta michirizi ya rangi ya bluu na nyeusi.* Hapa usisite. Huu ni mnyauko fuzari, ugonjwa uliogunduliwa kwenye robusta ya Uganda mwaka 1993 na kuteketeza mashamba mengi. Hauna tiba. Ng'oa mbuni na mizizi yake, uchome palepale bila kuuburuta shambani, na usitumie hata kuni zake kwingine. Shimo hilo usilirudishie mbuni upesi. Panga, mkasi na msumeno vipitishe kwenye moto au dawa ya madoa kabla ya kugusa mbuni mwingine, na mibuni ya jirani iangalie kila wiki.

*Nina mmoja tu, kwenye chungu, ndani ya nyumba.* Utaishi vizuri: weka karibu na dirisha lisilopigwa na jua la mchana, tumia udongo wenye uchachu kidogo, chungu chenye matundu, na maji kila udongo wa juu unapoanza kukauka. Utakupa majani mazuri, na pengine maua yenye harufu tamu. Ukitaka matunda kutoka kwenye chungu kimoja, panda arabika.